Mwanya uliofutika: kisa cha bango la sendofu

Bibi ndiye aliyelikataa. Bango lilikuwa limeshachapishwa, mita 3 kwa 2, limetundikwa sebuleni ili wajumbe wa kamati walione kabla ya kupelekwa ukumbini. Wote walikuwa wamelisifu. Bibi mzaa mama akasogea, akashusha miwani puani, akaukagua uso wa mjukuu wake, kisha akauliza, “Na mwanya wake mmeupeleka wapi?” Hapo ndipo wengine nao wakaanza kuona. Ilikuwa Jumatano jioni, na sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ni Jumamosi.

Alhamisi asubuhi shangazi wa bibi harusi akaingia dukani kwangu na bango kwapani. Kazi yangu ni kutengeneza picha kwa kompyuta: kadi, mabango, ratiba za mazishi, chochote kinachokuja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba harakaharaka, akasema, “Mwanangu, nirekebishie hili. Si unabonyeza tu?” Nikamwambia, shangazi, tulitandaze kwanza tulisome. Tukalitandaza sakafuni tukavua viatu. Naliandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu karibu kila kosa ninalolijua la kupamba picha lilikuwamo ndani ya bango hilo moja, na kwa sababu makosa hayo hayakuwa na uzito sawa hata kidogo.

Lilivyofika pale ni hivi. Picha ya msingi aliipiga dada wa bibi harusi kwa simu, nyumbani Mbagala, chini ya mwembe. Binti kavaa gauni la kitenge cha zambarau, rasta ndogondogo zimemwagika begani, hereni za mduara, mkononi hina, anacheka. Picha inaishia magotini. Dada akarudi kazini Dodoma, akaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Binamu yao, kijana wa chuo mwenye mkono mwepesi wa simu, akaichukua humo. Akaondoa mandhari ya nyuma kwa programu ya simu, akapiga filta ya urembo, akamweka binti ndani ya ukumbi wa kifalme wenye taa za vioo na dirisha linaloonyesha jua likizama, akajaza waridi kwenye pembe za juu, njiwa wanne, nyota, maandishi ya dhahabu, akairudisha kundini. Makofi. Mjumbe mmoja akaipeleka kuchapishwa moja kwa moja kutoka kwenye simu yake. Na nimtendee haki kijana: kwenye skrini ya simu kazi ilikuwa inapendeza.

Nilianza na faili. Lililochapishwa lilikuwa na pikseli, vile vijiraba vya rangi vinavyounda picha, 1600 kwa upana na 1067 kwa kimo. Zigawe pikseli 1600 kwenye sentimita 300 za bango, unapata 5 na kidogo kwa kila sentimita, yaani kila pikseli ni kijiraba cha karibu milimita 2. Kwa aliye mlangoni si neno, na mabango ya barabarani mengi huchapishwa kwa pikseli chache vilevile kwa sababu hutazamwa kwa mbali. Bango la sendofu halitazamwi kwa mbali. Wageni husimama mbele yake kupiga picha, bega kwa bega na bibi harusi wa kwenye bango.

Hiyo 1600 haikuja kwa bahati. Ndicho kipimo ambacho WhatsApp, kwa utumaji wa kawaida, huupunguzia upande mrefu wa picha. Na hii ilikuwa imepita humo mara mbili, mara ya kwanza ikiwa mbichi na ya pili ikiwa imepambwa. Kila ikipita hubanwa upya kwa JPEG, njia ya kupunguza uzito wa faili la picha, ambayo huigawa picha katika viraba vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kiraba hutupa kile ambacho jicho halitarajiwi kukiona. Rangi hutupwa zaidi kuliko mwanga. Kwa hiyo kingo za waridi jekundu zilikuwa zimevuja kwenye rangi ya jirani, na kila herufi imezungukwa na chengachenga za kijivu. Shangazi alijaribu kuzipangusa kwa kanga. Alidhani ni uchafu wa wino.

Nikampigia dada wa Dodoma. Picha alikuwa bado anayo. Nikamwomba asiitume kama picha bali kama hati, maana hati haibanwi. Ikaingia na pikseli 3000 kwa 4000. Ile ya kundini ilikuwa 1200 kwa 1600. Ukizidisha, ya asili ina pikseli zaidi ya mara 6. Kwa maoni yangu nusu ya kazi iliishia kwenye simu hiyo moja, na hakuna kitufe kwenye programu yoyote ambacho kingeifanya kwa niaba yetu.

Sasa mwanya. Katika picha ya kundini kichwa cha binti kilikuwa na urefu wa pikseli kama 250. Pengo la milimita 2 au 3 kati ya meno mawili ya juu linaambulia hapo pikseli 3 hivi, nazo zimeshavurugwa na kubanwa. Filta ya urembo ikija hutafuta macho, pua na mdomo, halafu hung’arisha meno na kulainisha ngozi. Zile zinazodai kuirudishia picha ubora ndizo hatari zaidi, kwa sababu hazirudishi chochote, zinakisia. Zimefunzwa kwa nyuso za watu wengine wengi, na zikikuta mstari mwembamba wa giza katikati ya meno meupe, kisio lao ni jino. Kwenye picha ya Dodoma mwanya ulikuwa na pikseli kama 7, unaonekana wazi na kivuli chake ndani.

Aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa kwa nini bibi alikasirika. Mwanya ni uzuri, watu husifiwa kwa huo, na katika familia hii umetoka kwa bibi mwenyewe ukapita kwa mama. Lakini si mwanya peke yake. Filta ilikuwa imempausha binti, na weupe huo ukaishia kwenye taya. Chini, mkono wenye hina ulibaki na rangi yake ya maji ya kunde, kwa sababu programu inautambua uso, kiganja haikijui. Shangazi alichukua karatasi, akaufunika uso wote, akaubakiza mkono. Akautazama. “Huyu ndiye,” akasema.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wenzangu wanaosema kila kitu ni pambo tu. Njiwa wanne juu ya kichwa cha mtu hawamdanganyi yeyote. Kila anayetazama anajua wamewekwa. Waridi, nyota, fremu, hata ule ukumbi wa kifalme, vyote vinajitangaza kuwa ni mapambo. Jino lililozibwa halijitangazi. Ngozi iliyopaushwa haijitangazi. Mgeni asiyemjua binti ataamini ndivyo alivyo, na anayemjua atahisi kuna kitu bila kukijua. Kwa hiyo makosa mengine yote ya bango lile niliyaita ya ufundi, na hilo moja nikaliweka peke yake.

Usoni nilichofanya ni kidogo. Nilipandisha mwanga wa sehemu za kivuli. Niliondoa ukijani uliotoka kwenye majani ya mwembe ukamwangukia shavuni na begani. Nilifuta kipele kimoja kidevuni, kwa kuwa kipele ni cha wiki ile na kingekuwa kimepona hata kabla ya sherehe. Basi.

Nilitumia GIMP, programu ya bure iliyopo tangu 1996. Mwenye Photoshop atafanya yaleyale. Kilichobadilisha kazi hii ni leya, ambazo Photoshop ilizipata mwaka 1994 katika toleo la 3. Kila kitu kinakaa kwenye karatasi yake angavu, moja juu ya nyingine: binti, maua, njiwa, maandishi. Ukitaka kumsogeza njiwa hugusi binti. Kijana naye alikuwa na leya kwenye simu, ila alipohifadhi kama JPEG zote zikashikana, na ndiyo maana shangazi alipouliza kama ninaweza “kuyatoa tu” mapambo ya kwanza nikabaki na picha iliyokwisha kuunganishwa, chini ya ua hakuna kitu.

Kumkata kutoka kwenye mandhari kulichukua muda kuliko mengine yote. Programu ya simu ilikuwa imekula hereni ya kushoto, mduara umebaki nusu, na rasta zote zimegeuzwa bonge moja lenye ukingo wa kijani. Hapa nashauri maski, si kifutio. Kifutio kinaondoa, maski inaficha, nawe unaweza kurudisha kwa kupaka rangi nyeupe pale ulipopaka nyeusi. Hereni niliizungushia kwa kalamu ya njia, kifaa cha kuchora mstari wa kukatia, nje na ndani ya mduara, maana kijani cha mwembe kilikuwa kinachungulia katikati. Rasta nilizipitia kwa brashi ndogo laini nikiwa nimekuza picha mara mbili, moja moja zile za pembeni. Za katikati huna haja. Kijani kilichobaki kwenye kingo hakifutwi, kinapakwa: unaongeza leya juu iliyowekwa ibadili rangi tu bila kugusa mwanga, unachukua weusi wa rasta palepale jirani, unapita nao ukingoni.

Halafu mwanga. Chini ya mwembe mwanga ulikuwa laini, unatoka kushoto; shavu la kulia lina kivuli chepesi. Katika ukumbi wa kifalme jua lilikuwa kulia, la machungwa, kali. Hakuna mtu kwenye kamati aliyelitaja hilo, ila wawili walisema binti “kama amebandikwa”, na hicho ndicho walichokuwa wanakiona. Unaweza kugeuza mandhari kulia kushoto ili jua lihamie upande wake, ila hapa lisingesaidia: mwanga wa kivulini na mwanga wa jua la jioni havifanani hata vikitoka upande mmoja. Nikauondoa ukumbi. Nikachukua zambarau ya kitenge chenyewe, nikaipausha, nikaishusha polepole hadi rangi ya maziwa upande wa kushoto mwanga unakotoka.

“Mbona sasa patupu?” shangazi akauliza. Alikuwa na haki. Sherehe si kitambulisho cha kazi. Nikaongeza vimulimuli vya taa vilivyotiwa ukungu kwa nyuma, vikubwa kushoto na vidogo kulia, na waridi nikaziteremsha. Hilo la waridi nalipenda kuliko yote niliyofanya siku ile. Kule juu pembeni zilikuwa hazina kazi. Chini, mahali picha ilipoishia magotini na binti anaonekana kuelea, zilifunika ukingo, na chini ya kila ua nikaweka kivuli cha zambarau iliyokolea, si cheusi, ili ua lionekane limelala juu ya kitenge.

Lakini si zilezile waridi. Za kwanza zilikuwa na siri yake. Tulipoinama tukaona kwenye pembe za bango, kuzunguka maua, miraba midogo ya kijivu hafifu kama ubao wa drafti. Kijana alikuwa ametafuta kwenye intaneti waridi “la PNG”, yaani lenye mandhari angavu. Mitandao mingi humwonyesha mtu picha yenye ule mchoro wa miraba unaoashiria uangavu, lakini kumbe miraba ni sehemu ya picha, na faili ni JPEG ambayo haiwezi kuwa na uangavu kabisa. Alipoona weupe umebaki akachagua Multiply, namna ya kuchanganya leya na iliyo chini yake, ambayo huyeyusha nyeupe. Nyeupe ikayeyuka. Kijivu hakikuyeyuka, kilififia tu, na kwenye simu miraba ile ilikuwa midogo mno kuonekana. Dawa ni rahisi: ukishapakua, weka ua juu ya leya nyekundu au nyeusi tupu. Likija na miraba yake, litupe. Tena pakua kwenye maktaba zinazosema wazi kwamba picha zake zinaruhusiwa kutumika, maana mojawapo ya njiwa alikuwa na alama ya mwenye mali imepita ubawani.

Mchana mama mzazi akaja, na ombi lake mwenyewe. Baba wa binti alifariki binti akiwa mdogo. Mama alikuwa na picha moja tu, ya pasipoti, nyeusi na nyeupe, yenye mhuri wa ofisi begani. “Naomba umsimamishe pembeni ya mwanawe,” akasema, “kama wako pamoja.”

Kiufundi inafanyika, na wapo wanaoifanya kila wiki. Picha ilikuwa ya kifuani kwenda juu, hivyo ingebidi apewe mwili wa mtu mwingine, suti ya mtu mwingine, mikono ya mtu mwingine, kisha apakwe rangi ya ngozi ya kukisia. Tungekuwa tumerudi kulekule kwenye jino. Nikamweleza mama hivyo kwa upole, nikampendekezea jambo ambalo studio za pwani zimelifanya muda mrefu kabla ya kompyuta. Omar Said Bakor wa Lamu, ambaye studio yake ilivuma kwa picha za kuunganisha, alifanya kwa mkasi na kwenye chumba cha giza: mtu ndani ya ua, mtu ndani ya umbo jingine. Wapiga picha wa feri ya Likoni, Mombasa, nao walisimamisha wateja mbele ya mandhari za kuchorwa. Hakuna aliyeamini kwamba yule mtu kweli anaishi ndani ya ua. Picha ilikuwa ya heshima, na ilikuwa wazi kwamba ni pambo.

Basi baba nikamweka juu kushoto, ndani ya duara la yai lenye mstari mwembamba wa dhahabu, mweusi na mweupe kama alivyo. Picha yake niliiskani kwa nukta 1200 kwa inchi. Kijipicha cha sentimita 4 na nusu kikatoa pikseli zaidi ya 2000 kwa kimo, nyingi kuliko nilizohitaji. Mhuri ulikuwa haujafika usoni, ukafutika kwa kunakili kitambaa cha koti cha jirani yake. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akaomba duara liongezwe ukubwa.

Ya uchapishaji nitayapitisha upesi. Turubai nililiweka pikseli 6000 kwa 4000, yaani 20 kwa sentimita, kwa hesabu kwamba picha ya binti yenye kimo cha 4000 ingeingia kwa ukubwa wake halisi, bila kuvutwa. (Ile ya kwanza ilikuwa imevutwa pia kwa upana, hata shingo ilionyesha.) Zambarau inasumbua: skrini huitoa kwa mwanga, mashine kwa wino, na wino wa samawati (cyan) ukikaribiana kwa wingi na wa majenta (ule wa waridi iliyokolea) unachapa bluu. Niliiacha samawati nyuma ya majenta kwa zaidi ya asilimia 30. Dhahabu haimo kabisa katika wino nne za mashine; ukichagua njano moja iliyokoza unapata rangi ya haradali, kwa hiyo lazima uidanganye kwa kushuka kutoka kahawia hadi njano iliyopauka ndani ya herufi hiyohiyo. Tulichapa kwanza kipande chembamba chenye uso, zambarau na herufi moja. Kulipia kipande ni nafuu kuliko kulipia bango mara mbili, ila kamati nyingi huona ni kupoteza hela.

Maandishi niliyapeleka Inkscape, programu ya michoro, ambako herufi ni mistari ya hesabu na haina ukungu kwa ukubwa wowote. Nikaacha sentimita 10 kila upande bila kitu cha maana, kwa sababu kwenye bango la kwanza pete ya chuma ya kufungia kamba ilikuwa imetoboa K ya “Karibuni” katikati. Mwandiko wa madahamadaha ukabaki kwa jina la binti tu.

Njiwa tulibishana. Nilitaka watoke wote. Shangazi akasema sendofu bila njiwa ni kikao cha kamati. Wakabaki wawili, upande wa kulia, nimewatia ukungu kidogo ili wasishindane na hereni.

Ijumaa alasiri bango lilitoka, na safari hii bibi aliletewa kwanza kabla ya kamati. Kijana aliyelitengeneza la mwanzo alikuja kulichukua, akakaa kuniangalia nikifungua leya moja baada ya nyingine, akaniomba faili la XCF, lile la GIMP linalotunza leya zote, akajaribu mwenyewe. Nilimpa. Ana jicho zuri la kupanga vitu. Hakuna aliyewahi kumwambia faili linatoka wapi na linakwenda kuchapwa kwa ukubwa gani. Kadi za mwaliko zenye ule uso wa kwanza zilikuwa zimeshagawiwa na hazikurudishwa. Za harusi bado hazijachapwa, na kamati ya upande wa bwana harusi wameshaomba picha. Nimewatumia kama hati.